Ripariani ni Kiswahili cha nani?

Muulize mkazi wa Mathare ripariani ni nini, hatakosa jibu: ni pale tingatinga linapofika. Ni neno la Kiingereza, riparian, la ukanda wa ardhi kando ya mto ambao sheria inaulinda. Lilianzia kwa mawakili na wapima ardhi, likaingia kwenye taarifa za habari mwaka 2018 jumba la South End kule Lang'ata na lile la Ukay huko Westlands yalipobomolewa. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, likateremka hadi kwenye nyumba za mabati zilizopakwa alama nyekundu ya X. Sasa Nairobi watu husema "hiyo nyumba iko kwa ripariani" bila kutafuna maneno. Wanaoandika na kutangaza kwa Kiswahili ndio wanaobaki na shida: tuliache neno likae, au tulitafutie mwenzake?

Wanaotaka likae wana hoja nzito. Tunalo neno ukingo, lakini ukingo ni pale maji yanapokomea, na sheria haisemi habari za hapo peke yake. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaja kipande cha ardhi cha kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto. Mtu ambaye kitanda chake kiko mita 20 kutoka majini, ukimwambia yuko ukingoni, atakuona huna macho. Mtangazaji anayesema "wakazi wa kingo za mto" anapunguza eneo lenyewe, na aliye mita 25 anasikia habari hiyo akidhani inamhusu jirani wa chini. Tena Kiswahili hakijawahi kuona haya kukopa. Ardhi na bahari zenyewe tulizipata kwa Waarabu.

Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Limetokana na Kilatini ripa, yaani ukingo. Hakuna mita hata moja ndani yake. Waingereza walichukua ukingo wa watu wengine, mawakili wakaja kuupimia upana, na leo tunaambiwa kwamba usahihi umo kwenye neno. Usahihi umo kwenye kanuni. Tanzania hawakuhangaika hivyo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, na mjadala mzima kule huendeshwa kwa "mita sitini". Neno ni lile lile ukingo, kipimo kimeongezwa. Na kama ni jina la eneo linalotakiwa, hifadhi ya barabara tunaielewa sote. Hifadhi ya mto ina ugumu gani?

Kuna dhana nyingine chini ya mjadala huu ambayo huniudhi zaidi, kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani na hakina maneno ya nchi kavu. Ni kweli kimeneemeka baharini. Mvuvi ana bamvua na maji mafu, ana fungu na hori, na mtu wa Nairobi hana haja na hata moja kati ya hayo. Ila nchi kavu nayo haikusahauliwa. Chukua mbuga. Kwetu Nairobi mbuga ni mahali pa wanyama tu, ile iliyofunguliwa mwaka 1946 ambako simba hupigwa picha na maghorofa nyuma yake. Sehemu nyingi za Tanzania mbuga ni kitu mahususi zaidi: tambarare ya udongo mweusi mzito, inayojaa maji masika na kupasuka kiangazi. Wataalamu wa udongo waliofanya kazi Tanganyika enzi za ukoloni walilichukua neno hilo kama lilivyo, wakaliandika kwenye ripoti zao za Kiingereza.

Sasa nenda Embakasi au Kitengela mahali panapojengwa. Udongo ni huo huo. Januari una nyufa zinazomeza mguu wa mtoto. Aprili unang'ang'ania gambuti mpaka mtu anatoka na soksi. Fundi atakwambia lazima uchimbwe wote utolewe kabla ya msingi, la sivyo kuta zitapasuka, na atauita kwa jina la Kiingereza lenye maana ya pamba nyeusi, ingawa hapo hakuna pamba. Neno tunalo, tumewaachia simba.

Korongo, lile bonde jembamba linalochimbwa na maji, nalo lina hadithi kama hiyo. Kwenye Bonde la Olduvai, kuna kituo cha FLK, yaani Frida Leakey Korongo, ambapo Mary Leakey aligundua mwaka 1959 fuvu la kiumbe wa kale aliyeitwa Zinjanthropus; ile K ni korongo. Kwa hiyo Kiingereza nacho hukopa, na hakuna anayekililia.

Wengine husema basi tukope kwa majirani kabla ya kukopa mbali. Mukuru, kwa mfano, kwa Kikuyu ni bonde, na mitaa ya Mukuru kandokando ya Mto Ngong imelibeba jina hilo kwa haki. Kutoka kaskazini kuna laga, ule mkondo wa mchanga usio na tone la maji miezi mingi, ambao mvua ikinyesha mbali hugeuka mto ghafla. "Mto wa msimu" haulingani nalo; hautishi vya kutosha. Laga ningelipokea leo. Mukuru sina uhakika nalo, na sababu si ya kisarufi: Nairobi, neno la kabila moja likiingia kwenye notisi ya serikali, kuna watakaouliza kwa nini la hao na si letu. Ripariani halina kwao hapa, na hiyo, tukubali, ni sehemu ya nguvu yake.

Kwa hiyo sitapigana na anayelisema mtaani. Limeshalipiwa na waliovunjiwa nyumba. Ninachokataa ni notisi inayoandika neno hilo na kuishia hapo. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia, basi notisi ya kubomoa iandikwe kwa Kiswahili, itaje mita ngapi, zinapimwa kuanzia wapi, na nani amezipima. Baada ya hapo wauite ukanda huo jina wanalotaka.