Bango la herufi 26 si Lugha ya Ishara ya Kenya

Kila Septemba 23 inapokaribia, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Ishara, makundi ya WhatsApp ya makanisa, shule na ofisi za hapa Nairobi hujaa bango lilelile: mikono 26, A hadi Z, na maandishi "Jifunze lugha ya ishara." Wanaolisambaza wana nia njema. Hata hivyo linaniudhi, kwa sababu linawaaminisha watu kwamba lugha ya ishara ni moja duniani kote, na kwamba ukifika Z umehitimu.

Herufi za vidole ni za kuendeleza majina, herufi kwa herufi: ya mtu, ya mtaa, ya dawa. Zilizo kwenye bango ni za Marekani, za mkono mmoja, na kweli Viziwi wa Kenya huzitumia. Nakubali pia kwamba ishara kadhaa za Marekani zimeingia kwetu kupitia shule. Lakini Kiziwi wa Uingereza huendeleza kwa mikono miwili, na irabu zake zimekaa kwenye ncha za vidole: A gumba, E cha shahada, I cha kati, O cha pete, U cha mwisho. Yeye na Mmarekani wanaweza kusoma gazeti moja la Kiingereza, lakini wakianza kuongea kwa ishara hawaelewani. Lugha ya Ishara ya Marekani ina undugu na ya Ufaransa, maana Laurent Clerc, mwalimu Kiziwi kutoka Paris, alishiriki kuanzisha shule ya Viziwi ya Hartford, Marekani, mwaka 1817. Ya Ureno ina undugu na ya Uswidi. Ya Ghana imekaribiana na ya Marekani kwa sababu ya shule za Viziwi alizoanzisha Andrew Foster, Kiziwi Mmarekani, kuanzia 1957, ilhali kijiji cha Adamorobe, nchini humohumo, kina lugha yake ya ishara ya tangu zamani.

Hata pale ishara inapochora kitu, kila jamii huchagua pa kuanzia. Chukua mti. Marekani husimamisha mkono kuanzia kiwiko, vidole vikiwa wazi, kisha kiganja kikatikisika. Denmark huchora umbo la matawi hewani na kushuka kwenye shina. China mikono hulizingira shina na kupanda juu. Na hata "hapana" si ya kichwa kimoja: Uturuki na Ugiriki, Viziwi hukirusha kichwa nyuma kukataa.

Kinachoniumiza hasa ni matokeo yake hapa mjini. Mtu hujifunza kwa video za Marekani, kisha anapewa kazi ya kutafsiri ibada au mkutano wa wazazi. Anapanga ishara kwa mpangilio wa Kiingereza, neno kwa neno, uso ukiwa mkavu. Katika Lugha ya Ishara ya Kenya neno la kuuliza kwa kawaida huja mwishoni, na nyusi ndizo zinazobeba swali. Msemaji wa Kiswahili angepaswa kulishika hili upesi, kwani naye husema "unaishi wapi?" na "jina lako nani?" Uso usipobadilika, swali hugeuka kauli, na Kiziwi hubaki akikisia. Mdomo nao unafanya kazi: Viziwi wetu huambatanisha ishara nyingi na umbo la neno la Kiswahili au Kiingereza midomoni, jambo ambalo video ya Chicago haina habari nalo.

Hospitalini kukisia huko ni hatari. Mgonjwa anaweza kuitikia kwa kichwa kwa heshima tu, huku "1×3" ya kwenye pakiti, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, ameielewa kuwa kidonge kimoja kwa siku tatu. Usimuulize kama ameelewa. Mwombe akuonyeshe atameza vingapi, asubuhi, mchana na usiku.

Katiba ya 2010 inaitaja lugha hii kwa jina. Kifungu cha 7 kinaiagiza Serikali iiendeleze, na cha 120 kinaifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Tanzania na Uganda zina lugha zao za ishara.

Kwa hiyo ukitaka kujifunza, tafuta mwalimu Kiziwi na umlipe. Anza na salamu, nambari, pesa, nauli na majina ya mitaa, uso ukifanya kazi tangu siku ya kwanza. Herufi ziendeleze polepole, mkono ukiwa karibu na bega bila kurukaruka. Jina la ishara, yaani ishara moja ya kukutaja wewe, usijitungie, Viziwi watakupa.

Na ukiandaa hafla inayozidi saa moja, ajiri wakalimani wawili wapokezane kila dakika 20 hadi 30, kwa sababu akili ikichoka makosa huanza kabla mkalimani mwenyewe hajayaona. Wasimame karibu na msemaji, mwanga ukiwaangukia usoni, dirisha lisiwe nyuma yao. Wavae nguo zisizo na maua, za rangi inayotofautiana na ngozi ya mikono yao. Nyimbo, hotuba na majina ya wageni wapelekee siku mbili kabla. Kabla ya kumwajiri yeyote, waulize Viziwi watakaohudhuria kama humwelewa.