Ghala la nje kwenye Debian: tulipokee kwa masharti gani?

Debian 12, mfumo wa Linux, ilipotoka Juni 2023 ilikuja na hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la 15. Septemba likatoka toleo la 16, na aliyelihitaji kwenye seva yake hakulikuta katika ghala rasmi, yaani hazina ya mtandaoni ambamo Debian huchukua programu, kwani Debian ikishatoa toleo thabiti huongeza marekebisho ya hitilafu na usalama tu. Watengenezaji wa PostgreSQL wana ghala lao, apt.postgresql.org. Tuliongeze?

Wanaokubali wana hoja: programu inatoka kwa walioitengeneza, na matoleo yote yanayohudumiwa yamo, kwa hiyo unahama kutoka 15 hadi 16 ukiwa tayari.

Wanaokataa wanaona kitu ambacho wengi hawakioni. Kuongeza ghala si kusakinisha programu moja. Kifurushi cha deb, faili la kusakinishia programu, huweza kuwa na skripti ya postinst, nayo huendeshwa baada ya usakinishaji kwa mamlaka ya root, yaani mamlaka yote ya mashine. Leo mwenye ghala ni mwaminifu. Akaunti yake ikiibwa kesho, apt upgrade ya kawaida, amri ya kusasisha programu, itakuletea chochote. Mwaka 2018, katika AUR, ghala la watumiaji wa mfumo wa Arch Linux, mtu alichukua kifurushi cha acroread (kisoma PDF) kilichokuwa hakina msimamizi, akakipachika amri za kupakua skripti zake.

Hata ghala rasmi huvamiwa. Msimbo hasidi uliofichwa ndani ya xz, programu ya kubana faili, na kugunduliwa na mhandisi Andres Freund Machi 2024, ulikuwa umeshaingia Debian testing na unstable, matawi ya majaribio. Toleo thabiti halikuguswa. Ule uzee wa vifurushi tunaoulalamikia ndio uliowakinga wenye seva, na kwangu hoja hii ina uzito kuliko zote.

Hata hivyo ghala la PostgreSQL nalikubali; PPA (ghala la mtu binafsi) ya mtu nisiyemjua, hapana. Wengi huweka signed-by, mpangilio unaotaja ufunguo wa kuthibitisha saini za ghala, wakadhani wamemaliza. Hiyo hufunga ufunguo kwa ghala moja tu, haizuii ghala hilo kuleta libssl yake, maktaba ya usimbaji fiche inayotumiwa na programu nyingi. Kinachozuia ni faili ndani ya /etc/apt/preferences.d: ghala zima lipewe kipaumbele 100, chini ya 500 ya ghala la Debian, kisha postgresql* na libpq5 (maktaba ya kuunganishia PostgreSQL) vipewe 500. Ukisahau libpq5, toleo la 16 litakataa kusakinika, maana linadai libpq5 mpya kuliko ya Debian 12. Ukimaliza, andika apt policy libssl3 usome mstari wa Candidate, yaani toleo ambalo apt ingesakinisha: toleo lile liwe linatoka Debian.