Kamera Haina Kioo, Mfuko Hauna Kitu

Jamani, mimi ni mpiga picha za harusi, si mhandisi. Kamera yangu ni Canon 600D, ile ya mwaka 2011, megapikseli 18. Imeshuhudia ndoa nyingi kuliko shehe wa mtaa wetu. Baadhi ya ndoa zimeshavunjika, yenyewe bado inadunda. Ila video yake hujikata kila dakika 12 hivi, faili likifika gigabaiti 4. Kuna nasaha za baba mkwe mmoja nilizipata nusu, na hadi leo tukikutana msikitini ananiulizia nusu iliyobaki.

Nikasema basi, na mimi ninunue mirolesi kama wenzangu. Nikamweleza Mama Zai kwamba ni kamera isiyo na kioo ndani, kile kinachorusha taswira ya lenzi hadi jichoni. Akasimamisha kukuna nazi.

"Kimevunjika au hawakukiweka?"

"Hawakukiweka."

"Kwa hiyo bei imeshuka?"

"Imepanda."

Akaendelea kukuna nazi. Hakusema kitu tena mpaka Isha.

Nikaenda Kariakoo. Kijana wa duka akanishikisha Sony a7 III, ya mwaka 2018, mtumba wa Dubai. Nikaweka jicho kwenye kitundu, kumbe mle ndani mna televisheni ndogo! Nikamlenga mbeba mizigo anayepita nje, kijisanduku kikamnasa jichoni na kumfuata hatua kwa hatua kama mdai. Hapo nikalegea. Milioni nne. Sawa, nikauze ile friji. Na lenzi je?

"Aa, mzee wangu, hiyo bodi tu."

Bodi tu! Yaani ununue jogoo, kichwa uambiwe kiko duka la jirani. Na lenzi zangu za Canon, ambazo nimezikusanya miaka kama mahari, haziingii mpaka kwa adapta, na adapta yenyewe ukipata ya ovyo, fokasi inasuasua kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo.

Nikamwambia basi nionyeshe mirolesi za Canon, nibaki kwenye ukoo. Huko nako mdomo wa kamera, pale lenzi inaposhikia, wameubadilisha tangu 2018, ila angalau adapta yao inaelewana na lenzi za zamani. Kijana akaanza kunisifia R5: megapikseli 45, video kali kupindukia ya 8K. Nani mtaani kwetu ana televisheni ya 8K? Ya kwetu tunaigonga ubavuni ndipo ioneshe rangi. Halafu ilipotoka mwaka 2020, Canon wenyewe walieleza kwamba ukirekodi 8K utapata kama dakika 20 kabla haijachemka, hewa ikiwa nyuzi 23. Nyuzi 23! Hiyo Dar ni alfajiri ya mwezi wa saba, nani anaoa saa hiyo? Ukumbi wetu mwezi Desemba hata keki inatoka jasho.

Sikununua. Nikaazima mirolesi ya rafiki yangu kwa Jumamosi moja, niionje kwanza.

Harusi ilikuwa Mbagala. Na nikiri, sebuleni mle nilipumua. Kwa 600D, sensa yake ndogo, yaani kile kibati kinachonasa picha, hufanya lenzi ya milimita 50 ione kama ya 80, hivyo ili bibi harusi aenee na shangazi zake, hurudi kinyumenyume mpaka bandani kwa kuku. Hii fulu fremu, yenye sensa kubwa, lenzi ileile, nikasimama mlangoni tu.

Nikawapanga wazee ukutani, nikapiga. Nikapiga tena. Wao wametulia, meno nje, hawapepesi. Nikapiga mpaka nikachoka, hakuna anayesogea. Kumbe rafiki yangu aliiacha kwenye hali ya kimya, haitoi hata tik. Nina picha 46 za tabasamu moja.

Mwishowe bibi wa katikati akanong'ona bila kufunga mdomo: "Mwanangu, piga basi, meno yanakauka."