Ndoo ya Shemeji Yafuka Moshi

Shemeji yangu, mume wa dada, ana msimamo mmoja kuhusu mafundi: wote wezi, na mimi nimo. Kwa hiyo alipoamua kupiga epoksi, ile rangi nzito inayoganda ikawa ngumu, sakafu ya banda lake la gari kule Tegeta, hakuniita nifanye kazi. Aliniita nimwazime drili na chuma cha kukorogea. Kisha akaniwekea kiti cha plastiki mlangoni mwa banda, akanipa soda.

"Shem, leo wewe mgeni. Kaa uone."

Nikakaa.

Banda lina mita 5 kwa 6, yaani mita za mraba 30. Alikuwa amenunua Kariakoo seti ya lita 15: rezini, yaani uji wenyewe, lita 10, na hadina, dawa ya kuugandisha, lita 5. Hapo sina la kumsema. Lita moja ukiitandaza kwenye mita mbili za mraba unapata unene wa nusu milimita, unaotosha kabisa kwa gari dogo la nyumbani. Hesabu ilitoka vizuri. Mhasibu mstaafu huyo, namba hazimshindi. Kinachomshinda ni kusoma maandishi yaliyo chini ya namba.

Kwanza sakafu. Aliidekia sabuni ya unga, akaisuuza, akaiacha ikauke, halafu akanionyesha kwa fahari. "Unaona inavyong'aa? Hapa epoksi itashika mpaka tunazikwa."

Kung'aa kwenyewe ndiko kulikonitia shaka. Sakafu ile ilipigwa niru, na niru ni uji wa saruji tupu uliosuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka ukafunga vinyweleo vyote. Haina mchanga, haina kokoto, ni ngozi nyembamba tu iliyolala juu ya zege. Epoksi inaweza kuing'ang'ania niru. Tatizo ni kwamba niru yenyewe haijang'ang'ania chochote cha maana. Nikadondosha tone la soda sakafuni. Likakaa, likajikunja, likatutazama. Zege lililo tayari hulinywa tone la namna hiyo ndani ya dakika moja hivi na kuacha doa jeusi. Likigoma, unafunga kikombe cha almasi, yaani kisagio chenye chembe za almasi, kwenye grinda, unavaa barakoa ya vumbi (vumbi la zege lina silika, halina mzaha na mapafu), unasaga mpaka kiganja kikipita juu kikwaruzwe kama kimepita kwenye msasa.

"Shem," akasema, "umeanza kunichafulia." Akachukua tambara akafuta soda yangu.

Pili saa. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa pili, jua la Dar linachemsha mabati. Kwenye kopo iliandikwa kwamba mchanganyiko unafaa kwa dakika 30 katika joto la nyuzi 25. Kwa kanuni ya mafundi, kila joto linapopanda nyuzi 10, muda huo unakatika karibu nusu. Banda lile lilikuwa limepita nyuzi 32 bila ubishi. Tena muda huo wa koponi hupimwa kwa kiasi kidogo. Rezini ikikutana na hadina hutoa joto. Joto likikosa pa kutokea huharakisha kuganda. Kuganda huongeza joto. Ikitandazwa sakafuni joto linapotea. Ikirundikwa ndooni linajipika lenyewe. Ndiyo maana watu wa kazi hii hukoroga lita 3 kwa mara, yaani 2 za rezini na 1 ya hadina, na wakimaliza kukoroga humwaga yote sakafuni kwa mistari mirefu. Hakuna anayebaki anachovya rola ndooni kama mtu wa rangi ya maji.

Nilimwambia yote haya. Akanijibu kwamba yule wa kwenye video alikoroga yote kwa pamoja. Nikamuuliza yule wa kwenye video alikuwa amevaa nini. Akafikiri. "Sweta."

Basi lita 15 zote zikaingia kwenye ndoo ya lita 20. Drili akaiweka spidi ya mwisho, ingawa inatakiwa mizunguko 300 hadi 400 tu kwa dakika, isije ikapiga povu ukabaki na sakafu yenye matundu. Alikoroga dakika moja badala ya tatu. Hakukwangua kuta za ndoo, wala hakuhamishia kwenye ndoo ya pili, jambo linalofanywa kwa sababu rezini iliyonata kwenye kuta na chini ya ndoo haijawahi kuonana na hadina, na popote itakapodondoka patabaki panata miaka yote. Halafu akafungua drili, chuma changu cha kukorogea akakiacha kimesimama ndooni "kisipotee".

Akaanza kupaka kuanzia mlangoni, kwenda ndani.

Msomaji, banda lile lina mlango mmoja.

"Shemeji, utatokea wapi?"

"Kwanza kazi, kutoka baadaye."

Ukweli ni kwamba mwanzo ilipendeza. Kijivu kile kilitambaa kikajisawazisha, mpaka dada akatoka jikoni na mwiko mkononi akasema, "Kumbe baba watoto unaweza!" Shemeji akavimba kichwa, akapunguza mwendo ili asifiwe zaidi. Alipofika katikati, rola ikaanza kuwa nzito. Akaikandamiza. Ikavuta nyuzi. Akachungulia ndooni, akaniuliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika na mkewe: "Shem, hii kitu huwa inachemka?"

Nilishasimama. Ndoo ilikuwa inatoa moshi mweupe, mwembamba, unaokaba koo. Epoksi iliyojipika ndooni inapita joto la maji yanayochemka, na moshi wake si wa kuvutwa. Shemeji yuko nyuma ya banda, mbele yake nusu ya sakafu mbichi, mkononi ana rola iliyogeuka rungu.

"Toka!"

"Nitaharibu!"

"Toka, iache ndoo!"

Dada naye akapaza sauti: "Ndoo yangu hiyo!" Maneno haya mawili yalipogongana, shemeji akamsikiliza mkewe. Akavua shati, akazungushia mpini, akaja nayo mbio. Kandambili ya kushoto ilibaki hatua ya pili. Ya kulia ilijitahidi mpaka ya nne. Zilizobaki alimaliza peku, moshi unamfuata nyuma. Alipovuka mlango tu, plastiki ikiwa imelainika, mpini ukachomoka. Ndoo ikatua kwenye mchanga wa uani ikiwa wima, kwa heshima, ikaendelea kufuka.

Jirani alikuja na maji akidhani gari linaungua. Tukamzuia. Ikishaanza kuganda hivyo hakuna cha kuokoa: iache mahali pa wazi, watu wakae upande unakotoka upepo, usiifunike. Ingekuwa bado inamwagika ningeitandaza nyembamba juu ya mchanga ipoe. Ilikuwa haimwagiki tena. Ilikuwa inapasuka, ta! ta!, na kila ta shemeji anaruka kwa nyayo zake mbili za kijivu.

Akaomba petroli anawe. Nikamnyima. Petroli na thina huilainisha epoksi na kuisaidia kupenya kwenye ngozi, na mwili ukishaikataa mara moja, kila utakapoikaribia utawashwa na kutoka vipele. Ikiwa bado mbichi unaifuta na kitambaa kikavu, kisha sabuni na maji ya uvuguvugu, unasugua kwa subira. Subira ilikuwa ya dada, aliyekuwa anasugua na kuuliza bei ya seti kwa zamu.

Sakafu iliganda na nyayo zake, na kandambili mbili zikiwa zinatazama mlango. Aligoma isiguswe. Baada ya wiki akaingiza gari likiwa limetoka mjini, matairi ya moto. Asubuhi alipolirudisha nyuma, matairi yaliondoka na vipande viwili vipana vya sakafu. Nikaokota kimoja nikakigeuza. Mgongoni kilikuwa na unga wa saruji umesambaa kote. Hapo ndipo unapojua aliyeshindwa ni nani: mgongo ukiwa msafi na unateleza, epoksi haikushika, pengine kwa mafuta au vumbi, ukiwa na unga, epoksi imeshika vizuri na kilichoachia ni niru.

"Kwa hiyo epoksi yangu ilikuwa nzuri," akasema shemeji.

Tulisaga yote, kandambili ikiwemo. Tukavuta vumbi kwa mashine, maana ufagio unalirudisha kwenye vinyweleo. Tukafunga kipande cha nailoni cha sentimita 45 kila upande kwa selotepu kwa saa 24 kupima unyevu. Asubuhi hakukuwa na tone chini yake. Praima, ile rangi ya kwanza inayozama kwenye zege, tukapiga jioni, joto likiwa linashuka. Asubuhi zege linapopata moto, hewa iliyo ndani hupanuka na kupuliza mapovu juu. Jioni inajivuta ndani na kunyonya praima pamoja nayo. Kesho yake jioni epoksi, lita 3, lita 3, kutoka ukuta wa nyuma kuja mlangoni. Kutembea baada ya saa 24, gari baada ya siku 7. Shemeji alikaa kwenye kiti cha plastiki na soda.

Lile bonge la ndoo lilibaki uani, chuma changu kimechomoza katikati. Siku moja akapita mnunua vyuma chakavu, akaligeuza, akaligonga, akatoa bei ya chuma peke yake, kwa sharti kitolewe na mwenye mali. Shemeji akaenda ndani kutafuta nyundo. Dada akamfungia mlango.