Babu Yako Amezikwa Wapi?

Namwombea mke wangu kibali cha kuishi nchini, na nimerudishwa tena. Leo kosa ni muhuri. Barua ya mtendaji wa mtaa ina jina langu, jina la mke wangu, picha ya mke wangu, sahihi ya mtendaji na muhuri wa bluu, mzuri tu, unasomeka. Ila umeishia begani. Haukufika usoni. Kijana wa dirishani kaiinua barua kwenye mwanga, kafumba jicho moja, kaniambia, "Mzee, muhuri lazima umshike mwenye picha." Nikamuuliza hilo bega ni la nani kama si la mwenye picha. Akasema bega si utambulisho.

Mimi ni mtu mzima. Nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, miaka na miaka, nimewahi kushika fedha za kamati ya mazishi ya mtaa na hesabu zikatimia, na kwenye harusi huwa sikosi kiti cha mbele. Mtu wa hadhi hiyo kubishana na mtoto wa juzi juu ya bega! Lakini ndiyo hivyo, nimeoa ng'ambo. Na nikisema ng'ambo msidhani Ulaya. Ng'ambo ya ziwa. Mama Furaha kwao ni Baraka, Kivu Kusini. Siku isiyo na ukungu ukisimama Ujiji unaiona milima ya Kongo kwa macho yako, bila fomu yoyote.

Jina la ofisi silitaji. Faili langu bado liko ndani.

Hatua za mwanzo sina neno nazo sana. Tangazo la ndoa lilikaa ukutani siku 21 kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka, na hakuna aliyeweka pingamizi isipokuwa muuza mkaa mmoja aliyedhani ni mnada. Cheti cha kuzaliwa cha bibi harusi kilikuwa cha Kifaransa, kikaenda kwa mkalimani, kikarudi kifupi na bei ndefu. Kontrol namba ya malipo ilipotoka, mtandao ulikuwa umelala. Mtandao ulipoamka, namba ikawa imeshakufa. Haya yote nyie mnayajua.

Kisha ukaja udhamini.

Mdhamini wa mke ni mume. Unakula kiapo mbele ya wakili kwamba utamlisha, utamvisha, utamtibu, hatakuwa mzigo kwa serikali, na ikibidi arudi kwao nauli ni juu yako. Nikaapa. Wakili akagonga muhuri (wake uligusa kila kitu, mpaka meza). Halafu wakataka taarifa ya benki ya miezi sita, kuthibitisha kwamba nina uwezo.

Sasa jamani. Uwezo wangu uko kwenye magunia. Ukitoka kwenye magunia unaingia kwenye simu, ukitoka kwenye simu unaingia kwenye ada, na kinachobaki kiko kwenye daftari la wanaonidai na ninaowadai, ambalo nikiwaonyesha watalia. Benki nilifungua akaunti kwa sababu ya mkopo nilionyimwa. Na hiyo miezi sita waliyoitaka imeangukia hasa kipindi ziwa lilipofungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Ukiitazama karatasi ya benki utadhani marehemu.

Nikaeleza kwa adabu: afande, ziwa lilifungwa samaki wazaliane, sikuwa na cha kuuza. Akasema anaelewa, ila karatasi haielewi. Nikatoka hapo na uchungu wa pekee. Nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, zimekaa vikao vya mawaziri ili mgebuka wa Kongo akutane na mgebuka wa Kigoma bila kusumbuliwa na mtu. Doria usiku kucha. Ukiwaingilia, faini. Mimi na Mama Furaha tumekutana kihalali, na mahari nimetoa, tunaambiwa tulete nakala tatu.

Lakini yote hayo ni mchezo. Siku yenyewe ilikuwa siku ya kuhojiwa.

Tuliitwa wote wawili. Nilivaa koti. Mama Furaha alivaa kitenge chake cha sikukuu na kubeba bahasha ya plastiki yenye kifungo. Ndani tulimkuta mzee mmoja wa makamo, miwani imeshuka puani, anaongea taratibu kana kwamba kila neno litatoka kwenye mshahara wake. Mama Furaha akafungua bahasha. Pasipoti. Cheti cha kuzaliwa na tafsiri yake. Kadi ya mpiga kura ya Kongo. Barua ya mwenendo mwema. Cheti cha ubatizo, ambacho hakuna aliyekiomba. Kila karatasi imelala mahali pake, hata kona haikukunjwa. Afande akaguswa. Akamvutia kiti mwenyewe. "Karibu sana mama, karibu Tanzania."

Kisha akanigeukia mimi, niliyesimama.

"Wewe ndiye mdhamini?"

"Ndiyo, afande."

"Mtanzania?"

"Kabisa."

"Una uthibitisho gani?"

Nikamtajia namba yangu ya NIDA, tarakimu zote 20, kwa kichwa, bila kuvuta pumzi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kitambulisho si uraia, mzee." Nikatoa kadi ya kupigia kura. "Nayo si uraia." Nikamwambia nimepiga kura tangu 1995, mvua na jua. Akasema hongera.

"Cheti cha kuzaliwa?"

"Nilizaliwa nyumbani, Kasulu vijijini. Mkunga alikuwa shangazi yake baba. Hakuwa anaandika."

"Baba naye alizaliwa wapi?"

"Heru Juu."

"Ana cheti?"

"Ana kaburi."

Akaandika. "Na babu mzaa baba?"

"Huko huko, afande. Wakati wa Mjerumani."

"Upande gani wa mpaka?"

Hapo nikakosa pa kushika. Wakati wa Mjerumani mpaka upi? Burundi, Rwanda na huku kwetu yote yalikuwa shamba la bwana mmoja. Mpaka walikuja kuupitisha Mwingereza na Mbelgiji, mwaka 1919, baada ya vita, wakiwa huko kwao Ulaya, na babu yangu hakualikwa. Nikamweleza hivyo kwa unyenyekevu. Afande akashusha miwani zaidi.

"Kwa hiyo unakubali babu yako alikuwa kwenye eneo moja na Burundi."

"Nakubali Burundi ilikuwa kwa Mjerumani."

Akaandika tena, na aliandika muda mrefu kuliko nilichosema. Kama hujawahi kuandikwa hivyo hujui jasho la mgongoni.

"Hebu ongea Kiha."

Watu wa Kigoma mnaujua huu mtego, maana Kiha chetu na Kirundi ni ndugu. Ukikiongea vibaya, wewe si Muha, umetokea wapi? Ukikiongea vizuri kupita kiasi, hicho ni Kirundi, umetokea wapi? Inatakiwa ukiongee kwa kiwango cha kati, cha mtu mwaminifu. Nikasalimia, nikaulizia ng'ombe, nikanyamaza mapema. Afande akamtazama mwenzake wa meza ya pili. Mwenzake akabetua midomo. Mwenzake mwenyewe kwa lafudhi ni mtu wa pwani!

"Babu yako amezikwa wapi?"

"Nyuma ya nyumba, kwenye migomba."

"Kaburi lina jina?"

"Afande, tuliomzika tunamjua."

Kimya. Feni inazunguka. Ndipo afande akageuka, kwa upole uleule wa mwanzo, akamuuliza mke wangu, mgeni, raia wa nchi nyingine, ambaye mimi ndiye nimemdhamini: "Mama, wewe huyu unamfahamu vizuri?"

Mama Furaha akakaa sawasawa kwenye kiti chake. "Namujua, afande. Uyu mutu ni wa hapa kabisa. Ukimwambia kazi anasema kesho. Ukimudai deni anasema kesho. Kwetu Baraka mutu wa hivyo hayuko."

Afande akacheka mpaka miwani ikaanguka mezani. Mtu wa pwani naye akacheka. "Huyu wa kwetu," afande akasema, akaandika kitu kifupi kwenye faili. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kufunga kifungo cha koti. Kumbe kitu kifupi chenyewe ni hiki: mdhamini alete barua ya serikali ya kijiji cha babu, majina ya wazee watatu wanaomfahamu, na picha ya kaburi.

Picha ya kaburi. Mtu mwenye wajukuu nipande gari mpaka Kasulu, nifyeke migomba, nipige picha ya tuta la udongo na simu iliyopasuka kioo, ili niruhusiwe kulala na mke wangu. Na wazee watatu waliomjua babu! Aliyemjua babu sasa hivi anaishi naye. Nimempata mmoja, hasikii, na kila ukimtajia jina la babu anauliza kama ameshapona.

Hapa sitanii tena. Mtu wa Tanga akisema mimi wa Tanga, anaambiwa karibu. Wa Kigoma akisema mimi wa Kigoma, anaambiwa shuka kwenye basi. Tumezoea, tunacheka, tunatoa vitambulisho kabla hatujaulizwa, watoto wetu wanajifunza jina la babu wa babu kabla ya kujifunza kuhesabu. Nina rafiki Ulyankulu kule Tabora, wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972, mwaka 2014 wakapewa uraia wa tajnisi, watu kama laki moja na elfu sitini na kitu. Leo ana cheti. Kina nembo. Akiulizwa, anakitoa, mazungumzo yanaisha. Mimi raia wa kuzaliwa sina cheti cha kuwa raia, kwa sababu nani humpa mtu cheti cha kutokwenda popote? Hata meli ya MV Liemba tunayojivunia imeundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa, ikabadilishwa jina, na tangu 1927 ni ya kwetu. Hakuna aliyeiuliza babu.

Nyumbani nako sina raha. Mama Furaha alipata nakala ya kile kiapo cha wakili, akakipeleka stesheneri kikafungwa plastiki, akakitundika jikoni juu ya ndoo ya maji. Sasa nikisema mwezi huu hali ngumu, hajibu. Ananyoosha mwiko, anaonyesha aya ya pili. "Papa Furaha, hapa umeandika *kumvisha*." Vitenge viwili mpaka sasa vimepita kwa aya hiyo. Mama mkwe naye kapigiwa simu akasomewa, na ameulizia kama kuna aya ya wakwe.

Na mtaani nimekuwa mtaalamu. Jana jirani kaja na binti yake aliyeolewa na kijana wa Bujumbura, anataka nimsaidie wamfanyie mkwe uraia. Nikamwambia Sheria ya Uraia ya 1995 inamfungulia njia mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania, mwanaume mgeni aliyeoa Mtanzania haimpi njia hiyo, aombe kwa njia ndefu ya wote au aishi kwa kibali. Binti akaniangalia kana kwamba nimeitunga mimi usiku. Na wangu akitaka uraia itabidi aukane wa Kongo, maana uraia pacha kwetu mtu mzima haruhusiwi. Mama Furaha aliposikia akasema atafikiri, na alivyosema "atafikiri" sikupenda.

Jirani alikuja na migebuka watatu waliokaushwa, asante ya mapema. Watatu, kwa ushauri wa kisheria. Mmoja mdogo kabisa, nadhani alivuliwa wakati ziwa limefungwa, na wote wana mchanga, maana siku hizi watu wanaanika chini, chanja wanasema ni gharama. Nimewaambia mara ngapi pale Kibirizi: anikeni juu, mteja wa Dar akitafuna mchanga harudi. Wananijibu kesho.