Msimwongezee mama saa nyingine ya kukosa usingizi

Kuna mahubiri yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya makanisa, ya wahubiri tofauti ila neno ni lile lile: ukitaka kukaa na Mungu, amka saa tisa usiku. Asiyeamka ni mvivu wa rohoni, basi. Wanaoyapokea kwa wingi ni akina mama, na yanawafikia saa nne usiku wakiwa ndiyo kwanza wanamaliza kuosha vyombo.

Mafundisho haya yananiudhi, na yananiudhi kwa sababu muda wa utulivu na Mungu ni kitu cha thamani mno kuwekewa mlango ambao mchovu hawezi kuupita.

Mchukue mama lishe yeyote wa Dar es Salaam. Saa kumi alfajiri ameshabandika maharage. Saa kumi na mbili anatoka na masufuria. Jioni akirudi anapika tena, ya nyumbani safari hii, anakagua madaftari ya watoto, anafua sare, analala saa tano. Hapo kapata saa tano za usingizi. Mwamshe saa tisa, zinabaki nne. Siku tatu za kwanza ataomba kwa moto. Wiki ya pili atakuwa anasinzia katikati ya sala, mchana anawafokea watoto, mafuta ya maandazi yanamrukia kwa sababu mkono umelegea. Kisha anaacha, na kwa kuwa ameambiwa ni uvivu, anaacha na kusoma Neno pia. Hapo ndipo hasara ilipo.

Nakubali, Yesu alikesha usiku kucha mlimani. Luka 6:12 iko wazi. Lakini soma na aya inayofuata: kulipokucha aliwachagua mitume 12. Ulikuwa usiku wa uamuzi mzito. Mwenye jambo zito na akeshe, abarikiwe. Kuligeuza hilo kuwa ratiba ya kila siku ya mtu anayelala saa tano ni kumtwisha mzigo. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumwambia akeshe. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa tena akala. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, Horebu, baada ya usingizi na chakula.

Sasa niseme ninalotaka hasa kusema. Katika nyumba zetu nyingi, utulivu wa mtu mmoja hubebwa na mwingine. Baba anakaa sebuleni na Biblia nusu saa, watoto wanaambiwa nyamazeni, baba anaomba. Nani amewanyamazisha? Nani amechemsha maji ya kuoga, amemvalisha wa chekechea soksi, amebandika chai? Huyo naye ana roho. Huyo naye anataka kusikia kitu kutoka kwa Mungu kabla siku haijamla. Wachungaji, mkisimama kuwafundisha wanawake kutafuta muda, geukeni upande wa wanaume muwafundishe kuutoa. Dakika 15 kwa siku zinatosha kuanzia, na mume anayempenda mke wake hawezi kuzikosa.

Na zitolewe sawasawa, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kama kuna mtoto anayenyonya, anyonyeshwe kwanza ashibe, kisha baba ambebe atoke naye nje kabisa, hadi barabarani. Akibaki naye chumba cha pili mtoto atasikia mama akikohoa, atalia, na muda umekwisha. Simu ya mama ibaki kwa baba, naye ndiye ajibu wapigaji. Swali la "chumvi iko wapi" lingoje. Muda uwe ule ule kila siku, watoto wauzoee. Ukihamahama, kila siku unaanza vita upya.

Ndani ya hizo dakika 15, mbili za kwanza ni za kukaa tu, mgongo umenyooka, bila kusema lolote. Ukilala kitandani utasinzia, hilo halina mjadala. Tano zinazofuata soma aya 8 hadi 10, mara mbili, mara ya pili kwa mnong'ono, kwani macho yaliyochoka huruka mistari lakini mdomo hauruki. Dakika tatu nyingine, andika sentensi moja kwenye daftari: umeona nini humo. Tano za mwisho omba. Pembeni weka kipande cha karatasi. Mawazo yatakuja tu, ada, sukari, fundi wa bomba. Andika neno moja, rudi. Ukipambana nayo kichwani ndiyo yanakaa.

Tumia Biblia ya karatasi. Ya kwenye simu ni nzuri ukiwa safarini, lakini unafungua Zaburi na juu yake unashuka ujumbe wa mweka hazina wa kikoba anauliza marejesho, na akili imeondoka. Kama huna nyingine, zima data kabla hujafungua. Simu ya kukuamsha, kitochi kinatosha.

Usianze na ratiba ya kumaliza Biblia kwa mwaka. Sura ni 1,189, yaani tatu na zaidi kila siku. Ukianza tarehe 1 Januari, mwisho wa mwezi huo huo umeshamaliza Mwanzo na Kutoka, unaingia Walawi, kwenye sheria za sadaka za kuteketezwa, na viporo vya siku ulizokosa vimekukalia shingoni. Ni hapo watu wanapoiacha. Anza na Marko, sura 16 tu, kwa vipande vidogo. Au Zaburi moja kwa siku, na ukifika ya 119, yenye aya 176, usiogope: imegawanyika yenyewe katika sehemu 22 za aya nane nane. Chukua moja kila siku.

Asiye na wa kumpokea mtoto, anayelea peke yake kwenye chumba kimoja cha kupanga, hawezi kufunga mlango wa chumba cha ndani asichokuwa nacho. Lakini jiko la mkaa likishashika pale uani, linataka dakika kumi hivi mkaa ukolee. Kigoda kipo, sufuria bado. Aya tatu zilizoandikwa usiku kwenye karatasi zinasomeka hapo hata kwa mwanga wa mbali wa taa ya koridoni. Susanna Wesley, mama wa akina John na Charles walioanzisha Umethodisti, aliyezaa watoto 19, husimuliwa kwamba alijifunika aproni kichwani, na watoto wakajua mama yuko na Mungu. Khanga inafanya kazi hiyo hiyo.

Halafu kuna dada wa kazi. Jumapili familia nzima inavaa inaenda ibadani, yeye anabaki na mtoto mdogo na sufuria ya pilau. Siku nyingine huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Amri ya Sabato, Kutoka 20:10, inamtaja mtumishi wa nyumbani waziwazi kwenye orodha ya wanaopaswa kupumzika, na sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inampa saa 24 za mapumziko kila wiki. Sharika nyingi za mjini zina ibada mbili au tatu. Mama na dada waende ya kwanza, baba abaki na mtoto, kisha wapokezane. Kama dada ni Mwislamu, apewe nafasi ya kutawadha na kuswali kwa wakati wake, asiitwe akiwa kwenye msala. Na zile dakika 15 za kila siku, naye azipate, zipangwe saa inayojulikana, mwenye nyumba akiwa ameshika ufagio.