Si kugawanya kilomita kwa mwendo tu

Mwandishi mmoja ameeleza kuwa safari ya ndege ya London hadi New York huchukua saa 3, kwa sababu ndege inayoruka saa 5 asubuhi hutua saa 8 mchana wa siku hiyo hiyo. Hizo ni saa za ukutani, kila mji na saa yake. New York iko nyuma ya London kwa saa 5 kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo abiria wa ndege hiyo amekaa kitini kwa saa 8 kamili, na magoti yake yanajua.

Umbali wenyewe, takriban kilomita 5,550, haubadiliki, lakini muda hubadilika kutegemea upande unaoelekea, kwani juu ya Atlantiki upo mkondo wa upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao huikwamisha ndege inapokwenda Marekani na kuisukuma inaporejea Uingereza. Mwezi Februari 2020, wakati wa dhoruba ya Ciara, ndege ya abiria aina ya Boeing 747 ilitoka New York na kutua London kwa muda usiofika saa 5, ikipita juu ya bahari kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Hata hivyo haikuvuka mwendo wa sauti kama ilivyofanya Concorde, ndege ya abiria ya zamani iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, maana hewa iliyoizunguka ilikuwa nayo ikikimbia kuelekea huko huko. Ratiba, tena, huhesabu pia dakika za kujikokota uwanjani kabla ya kuruka, na Heathrow, uwanja wa ndege wa London, dakika hizo si haba.